Nyumba ya Kuacha

Zahanati, 3 Machi

Kitindamimba wetu,

Simu huku ni ya kubahatisha tangu mvua iangushe mnara, kwa hiyo nakuandikia, na barua nampa dereva wa basi la asubuhi. Afadhali hivyo. Kwenye simu ukisikia sauti yangu imekaza unasema "mtandao mbovu, dada," halafu unakata. Karatasi huikati.

Wifi amenieleza habari ya lifti. Nilitaka niisikie kwako kwanza, ukaninyima. Kwamba ulipanda kwenye chumba cha mashine ukiwa chakari, ukaachia breki bila kuhakikisha kama kuna mtu ndani, na yule mama wa usafi akashuka ghorofa nzima kwa kishindo, amekumbatia ndoo yake. Kavunjika kifundo cha mguu. Wewe fundi unajua kuliko mimi kwamba ingeweza kuwa shingo.

Meneja wako kasema ujiunge na kikundi cha watu wanaoacha pombe, uonekane unahudhuria, ndipo akurudishie kazi. Bosi mwingine angekuitia polisi. Basi kitafute. Uliza kituo cha afya, uliza hospitali, uliza hata hao unaokunywa nao, maana kila baa ina mtu mmoja aliyeacha kuja, na wenzake wanajua kaenda wapi.

Mdogo wangu, mimi kazi yangu kuzalisha. Mficha uchi hazai, na hilo naliona kwa macho kila wiki. Nenda ukakae mbele ya watu useme. Tangu tumzike mama hujakaa mkavu, na sisi tulikuwa tunasema "ana majonzi, yatapita." Majonzi gani yasiyo na likizo?

Jambo moja nakusisitiza, na hili nalisema kama mkunga, si kama dada: mwili uliozoea pombe kila siku haukatiwi ghafla. Unaweza kutetemeka, ukaona visivyokuwepo, ukaanguka kama mwenye kifafa, na watu hufa hivyo. Mwone daktari kwanza, umwambie ukweli wa kiasi unachokunywa. Ukweli wote, si ule wa kumwambia mke.

Dada yako


Nyumbani, 12 Machi

Dada Mkubwa, shikamoo.

Nimekipata kikundi, tena sikuzunguka sana. Kiko nyuma ya kituo cha afya, chumba wanachowekea vitanda vibovu. Viti vya plastiki vimepangwa duara, kimoja kimepasuka mguu, na asiyejua ndiye anayekikalia. Kiongozi ni dereva wa lori mstaafu. Wanamwita Breki, kwa sababu mwenyewe anasema maisha yake yote hakuwa nazo.

"Hapa hatuulizi jina," akaniambia. "Kaa. Kile kingine, hicho kitakuangusha."

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, akasema jinsi alivyomshonea bibi harusi gauni lenye mkono mmoja nyuma mbele. Sote tukacheka, naye akacheka, halafu akalia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Dada, hapo ndipo niliposhindwa. Kicheko nakiweza. Zamu ilipokaribia kwangu nikasema naenda haja ndogo, nikapitiliza mpaka getini.

Pale getini kulikuwa na bwana mmoja kasimama. Shati limepigwa pasi, kucha safi kama za daktari wa meno, sauti ya chini. Akaniambia, "Umeona mwenyewe. Mle ndani wanaongea. Maneno hayajawahi kumponya mtu. Sisi tunafunga mlango."

Ana nyumba nje kidogo ya mji, watu wanaiita Nyumba ya Kuacha. Unaingia, hutoki mpaka umepona. Hunywi, kwa kuwa hakuna pa kunywea. Hutoi hadithi ya maisha yako kwa mtu yeyote. Yeye ndiye Msimamizi, na alikuja mpaka nyumbani kuzungumza na Mama Pacha. Waliongea barazani muda mrefu, mimi nikiwafunga viatu watoto. Alipoondoka, Mama Pacha alifua nguo huku anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu ana sauti.

Naingia Jumatatu. Furahi basi.

Kitinda


Zahanati, 15 Machi

Kitinda,

Sifurahi. Mtu anayesimama kwenye geti la kikundi cha wenzake akikamata wanaokimbia, mimi simwamini hata kama kucha zake zinang'aa.

Niulizie haya kabla hujaingia. Daktari wa nyumba hiyo ni nani? Mtu akizidiwa anapelekwa wapi? Ukisema "nimebadili mawazo, nataka kwenda kwetu," nani anafungua geti?

Kama hana majibu, rudi kwenye viti vya plastiki. Kalia hata kile kibovu.

Dada yako


Nyumba ya Kuacha, 24 Machi

Dada,

Barua yako ilinikuta nimeshaingia. Msimamizi aliifungua, akaisoma kwa sauti mbele yetu wakati wa chakula. Ulipouliza habari ya daktari akatabasamu, na kwa kuwa yeye katabasamu, wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nisamehe.

Usiwe na wasiwasi. Tuko wanaume peke yetu, tunalala chumba kimoja kirefu ambacho zamani kilikuwa ghala la saruji. Bado vumbi lake liko kwenye kuta, ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Simu na mikanda tulikabidhi mlangoni. Asubuhi tunafyeka, mchana tunafyatua matofali, jioni tunasimama mstari kupokea dawa. Kijiko kimoja kila mtu, kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi. Inatuliza kweli. Mikono yangu imeacha kucheza. Chungu, nyeusi, na nyuma ya uchungu ina harufu ambayo pua yangu inaifahamu, lakini mlevi husikia harufu hiyo hata kwenye maji ya bomba, kwa hiyo sikusema kitu.

Kitanda cha jirani alikuwa Bwana Posta. Alipeleka barua mji mzima miaka mingi, anajua mbwa wa kila nyumba kwa tabia. Alitufurahisha sana. Juzi kwenye mstari akamwuliza Msimamizi, "Hii dawa inaitwaje, niwaandikie nyumbani?" Akaambiwa atoke mstarini. Hakupata kijiko siku hiyo wala iliyofuata. Akaanza kutetemeka, akawa anawafukuza mbwa walio chini ya kitanda, na hapakuwa na mbwa. Halafu akaanguka wakati tunafyatua matofali, mwili wote ukimtikisika, povu mdomoni. Wakambeba. Tukaambiwa amechukuliwa na familia yake, sasa yuko kwao na anaendelea vizuri.

Viatu vyake viko bado mlangoni. Nadhani walimchukua kwa haraka.

Barua zetu zinapitia kwa Msimamizi ili atusahihishe. Hii nampa dobi anayekuja kuchukua mashuka. Si kwa sababu kuna jambo. Ni kwamba yeye anapita stendi.

Nilimwuliza lile swali lako la geti. Akasema, "Muulize mkeo." Sijui alikuwa na maana gani.

Kitinda


Zahanati, 27 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka. Humu ndani nimeweka barua ya mume wako. Isome polepole, hasa ya Bwana Posta. Huyo mtu hakuwa na mbwa chini ya kitanda, alikuwa anakufa. Ninavyoona mimi, dawa hiyo ni pombe kali iliyochanganywa na kitu cha kuleta usingizi, na anayewapa anajua kwamba siku akiwanyima watapiga magoti. Huko si kuachishwa pombe. Ni kumilikiwa.

Tafadhali nenda ukamtoe. Mimi niko peke yangu hapa, nina wajawazito wawili wanaokaribia na siwezi kuwaacha mpaka aje wa kunipokea. Wewe uko karibu.

Na uniambie, wifi: siku ile barazani mlikubaliana nini?

Wifi yako


Nyumbani, 30 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara mbili kabla sijakasirika, na mara moja baada ya kukasirika.

Wewe ni mkunga, unakaa na mtu saa chache za uchungu, unamkabidhi mtoto, unaenda kulala. Mimi nimekaa na uchungu huu tangu pacha hawajaota meno. Mimi ndiye ninayemvua viatu vyenye matapishi. Mimi ndiye ninayewaambia watoto baba anaumwa kichwa. Sasa nyumba imetulia. Wanangu wanacheza sebuleni bila kusikiliza mlango. Unajua mtoto anavyocheza huku anasikiliza mlango? Hujui.

Umeniuliza barazani tulikubaliana nini. Nitakwambia, maana sina sababu ya kukuficha. Msimamizi alisema wote hulia, wote huomba kutoka, na ndugu wenye huruma ndio wanaowaua. Akaniuliza kama nitakuwa imara. Nikamwambia: hata akilia, usimfungulie. Hata akibadili mawazo, usimfungulie mpaka mimi niseme. Nililisema hilo na nililala usingizi mzuri.

Hata hivyo sikuipuuza barua yako. Jana nilikwenda pale Nyumba ya Kuacha, nikamwuliza Msimamizi habari ya Bwana Posta. Alishangaa nimeijua wapi, nikamwonyesha barua ya Kitinda. Akaisoma yote, taratibu, akaikunja akaiweka mfukoni. Akanishukuru. Alisema wagonjwa wakianza kupona hutunga uongo ili watolewe, na kwamba atazungumza naye. Mume wangu mwenyewe sikuonyeshwa, walisema yuko kazini nyuma.

Kwa hiyo tulia. Linashughulikiwa.

Mama Pacha


Nyumba ya Kuacha, 31 Machi

Mpendwa dada,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima sana. Naomba radhi kwa barua ya awali ambayo ilikuwa na mambo ya uongo. Hapa tunatunzwa vema na Msimamizi ni kama mzazi. Tafadhali usije wala usimtume mtu. Sihitaji kitu chochote.

Msalimie mama. Mwambie niko njiani, anisubiri.

Ndugu yako


Zahanati, 3 Aprili, asubuhi

Wifi,

Barua ya Kitinda ya tarehe thelathini na moja imenifikia sasa hivi. Mwanzo wake si maneno yake; mdogo wangu hajawahi kuniita "mpendwa" wala kuniuliza kama ni mzima wa afya tangu azaliwe. Hayo ameambiwa aandike. Lakini ule mwisho hakuna aliyemwambia. Mwandiko umetawanyika kama wa mtoto, na anasema nimsalimie mama, amsubiri, yuko njiani.

Wifi, mama tulimzika. Wewe ndiye uliyenishika mkono.

Wamemnyima kile kijiko. Ulipomwonyesha yule bwana barua, ulimwonyesha nani wa kumwadhibu, na mimi ndiye niliyekupa hiyo barua, kwa hiyo tusilaumiane sasa, hatuna nafasi. Baada ya kutetemeka na kuona marehemu wetu, kinachofuata ni kile kilichompata Bwana Posta.

Usiende peke yako. Nenda nyuma ya kituo cha afya, umtafute mzee anayeitwa Breki, mwambie kila kitu. Yeye anawajua watu wa namna hii. Geti lile limefungwa kwa neno lako, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulirudisha neno. Akisha kutoka, hospitali moja kwa moja. Msimpitishe nyumbani kuoga. Msimpe chakula njiani. Mwambieni daktari alikuwa anakunywa kila siku na kwamba amekatiwa ghafla.

Dereva nimemwomba akukabidhi mkononi. Huyo aliyenituma nimsalimie mama nataka aishi, aje anitukane mimi mwenyewe uso kwa uso.

Wifi yako


Hospitali, 5 Aprili

Wifi,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Anapumua. Hilo kwanza.

Dereva alinikuta sokoni. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaacha kapu pale pale. Breki nilimkuta anapanga viti. Sikumaliza maneno, akashika funguo, akaazima lori la kijana wake, akanipandisha mimi na yule mama fundi cherehani wa kikundini. Njiani yule mama alinifunga kitenge changu ambacho kilikuwa kinaniporomoka.

Msimamizi alikuja getini mwenyewe. Yuko nadhifu, kama anakwenda harusini. Nikamwambia, "Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mama," akasema, "uliniambia nisimfungulie hata akilia. Akilia yeye au ukilia wewe, kwangu ni sawa. Nakusaidia kutimiza ahadi yako."

Alilisema mbele ya Breki. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Nililisema mimi, nalifuta mimi." Akatikisa kichwa kwa huruma, wifi, huruma kabisa, akaanza kuondoka.

Breki akarudi kwenye lori, akalipeleka mpaka pua yake ikagusa geti, akalalia honi. Hakuiachia. Majirani wakatoka, wapita njia wakasimama, waliokuwa ndani wakaanza kupiga kelele na mabati. Sikujua kuwa walikuwa wengi hivyo. Msimamizi akasimama anatazama watu wanavyojaa barabarani, akijipangusa mikono kwa leso. Mwisho akamwambia mlinzi afungue. Hakuonekana kuwa na hofu. Alionekana kama mtu aliyechoshwa na wageni.

Tulimkuta kwenye kichumba cha magodoro. Walimfunga mikono kitandani kwa vipande vya shuka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Aliniita mama, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nilimjibu, "Nilipotea njia, mwanangu." Sikujua nimjibu nini kingine.

Alianguka kifafa tukiwa mlangoni pa hospitali, mikononi mwa manesi. Daktari anasema hilo ndilo lililomwokoa: mlangoni, si njiani. Kathibitisha ulichosema kuhusu dawa. Yuko kwenye dripu, jana usiku alitambua mkono wangu.

Kuna jambo lingine. Breki alikwenda kwa mke wa Bwana Posta. Yule mama hajamwona mumewe. Yeye aliambiwa mumewe aliruka ukuta akatoroka, na tangu siku hiyo anamkasirikia kwa kumtelekeza. Kwa hiyo kwao hayuko, na kule Nyumba ya Kuacha hayuko. Tumeandikisha polisi. Walituambia wataangalia.

Wifi, Kitinda hajui nilichosema barazani. Naomba asijue. Nitaishi nalo mwenyewe.

Mama Pacha


Nyumbani, 2 Juni

Dada Mkubwa, shikamoo.

Asante kwa kuja, na asante kwa kuondoka. Siku zile ulizokaa hapa ulikuwa unanikagua macho kila asubuhi kama mtoto mchanga, nusura unipime uzito.

Nimerudi kazini, lakini bado sigusi breki. Nawashikia wenzangu taa na spana. Ni haki. Yule mama wa usafi anatembea na gongo. Akiniona anapanda ngazi.

Kikundi nahudhuria. Nimeshaongea, mara ya kwanza nilitoa sauti kama ya mbuzi. Mke wa Bwana Posta naye huja. Yeye hanywi, hajawahi. Anakaa karibu na mlango na hasemi lolote. Polisi walikwenda kwenye ile nyumba hatimaye, wakakuta vyumba vitupu na kuta zimepakwa chokaa mpya. Wale wenzangu wametawanyika, wengine wamerudi baa, na nani awalaumu. Msimamizi hajakamatwa. Wiki jana mtu mgeni kikundini alituambia, kwa furaha, kwamba ndugu zake wamempatia mahali pazuri ng'ambo ya reli, kwa bwana mmoja mstaarabu, mwenye sauti ya chini. Breki alimwomba abaki, tukambembeleza mpaka giza likaingia. Alisema atafikiria. Leo hakuja, na nyumba yenyewe tumeitafuta ng'ambo ya reli hatujaiona.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Najua alichosema Mama Pacha barazani. Msimamizi aliniambia wakati ananifunga. Aliinama akaninong'oneza, "Mkeo kasema hata ukilia." Sidhani kama mtu mwingine yeyote aliwahi kuniumiza vile, na sidhani kama kuna maneno niliyoyastahili zaidi. Usimwambie kwamba najua. Amebeba vingi.

Lakini tangu nirudi, kila jioni anafunga mlango wa nje na ufunguo anauweka kifuani. Siku za kikundi ananisindikiza mpaka kituo cha afya na kunisubiri nje na watoto, nami kama mahabusu anayepelekwa mahakamani. Nikisikia ule ufunguo unazunguka, narudi kwenye kichumba cha magodoro.

Leo nilimwomba. Nikasema, "Mama Pacha, nipe ufunguo, niende peke yangu."

Alishika ufunguo pale kifuani. Kisha akasema, "Ukienda kwingine?"

"Ndiyo, inawezekana," nikamwambia. "Sitakudanganya."

Aliutoa akaniwekea kiganjani. Ulikuwa na joto la mwili wake. Pacha walikuwa wanacheza sebuleni, na niliposhika komeo wote wawili waliacha kucheza, wakatazama mlango.

Kutoka kwetu hadi kituo cha afya kuna baa moja tu, ile ya kwenye kona. Muziki ulikuwa umefunguliwa. Mtu mmoja aliniita kwa lakabu yangu ya zamani, akavuta kiti kwa mguu. Dada, nilisimama. Sitasema nilipita kwa ushujaa. Nilisimama mpaka mhudumu akaja kuniuliza nakunywa nini, nikamsikia mdomo wangu unaanza kujibu, na sijui ulikuwa unataka kusema nini. Miguu ndiyo iliyoondoka, mimi nikaifuata.

Nilipofika viti vilikuwa vimejaa. Mke wa Bwana Posta akasogea, akanipa nusu ya kiti chake.

Keshokutwa ni siku ya kikundi tena, na njia ni ileile.

Kitinda